Haikuthibitika: neno la mahakama za Uskoti lililobaki mjane

Mtu akiambiwa kwamba mahakama za Uskoti zilikuwa na maamuzi matatu katika kesi za jinai, si mawili, hudhani kwamba wazee wa kule walikaa chini, wakapima, wakaona kuna pengo kati ya "ana hatia" na "hana hatia", wakaliziba kwa neno la tatu: not proven, yaani haikuthibitika. Dhana hiyo inapendeza, lakini hakuna aliyekaa wala aliyepima. Neno la tatu ni mjane. Lilikuwa na mwenzake, mwenzake akafa, nalo likabaki katika nyumba isiyo yake kwa karibu miaka 300, kila kizazi kikilitafutia kazi ya kufanya, mpaka Bunge la Uskoti lilipolitoa. Kwa kesi zinazoanza kusikilizwa tangu 1 Januari 2026, juri la Uskoti, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, limebakiwa na majibu mawili tu.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna bahati, maana sarufi yetu inaonyesha kiini cha jambo hili kwa kiambishi kimoja. Tukisema "hana hatia" tunamsema mtu. Tukisema "haikuthibitika", mtu hayumo kabisa kwenye sentensi. Inayosemwa ni tuhuma. Kiingereza kinaficha tofauti hiyo. Not guilty na not proven zote zilitamkwa na msemaji wa juri akiwa amesimama, mshtakiwa yuko kizimbani, na ukumbi mzima unamtazama yeye. Karibu utata wote uliolizunguka neno hili unatoka hapo: lilizaliwa kujibu swali kuhusu tuhuma, likaja kusikika kama jibu kuhusu mtu.

Tuanze na neno lenyewe. Proven ni la Kiskoti, lugha ndugu ya Kiingereza iliyokuwa lugha ya mahakama na serikali ya Uskoti kabla ya nchi hizo mbili kuungana mwaka 1707. Kusini ya mpaka Waingereza walisema proved. Waskoti walikuwa na kitenzi cha kale, preve, wakakipa mwisho wa -en kama ule unaosikika katika woven na cloven. Wanasheria wa Edinburgh waliendelea kulitamka kwa "o" ya wazi, si kwa "u" kama wafanyavyo Waingereza, na mpaka juzijuzi mtu aliyelitamka kwa "u" katika mahakama za kule alijulikana mara moja kuwa mgeni. Muungano wa 1707 ulifuta Bunge la Uskoti la wakati ule lakini ukaziacha mahakama zake na sheria zake, ndiyo maana neno likapata pa kukaa.

Kabla ya proven kushika nafasi, mahakama za kule zilikuwa na msamiati mwingine, na mimi naupenda kuliko uliofuata. Katika karne ya 16 mtu aliyetiwa hatiani aliandikwa fylit, yaani amechafuka, na aliyeachiwa aliandikwa clengit, yaani amesafishwa. Katika kesi za uchawi za miaka ya 1590 kumbukumbu zinaonyesha juri likipitia mashtaka kipengele kwa kipengele, na mbele ya kila kimoja fylit, fylit, fylit. Gazeti la Kiswahili likiandika leo kwamba mahakama imemsafisha waziri wa zamani, linachota kwenye picha ileile: tuhuma ni uchafu, na mahakama ndiyo yenye maji.

Mageuzi yalikuja katika nusu ya pili ya karne ya 17. Hati ya mashtaka ya Kiskoti ilijengwa kama hoja ya mantiki. Kwanza ilitaja sheria: kuua ni kosa la kifo. Kisha ilitaja jambo: wewe fulani, siku fulani, mahali fulani, ulimchoma fulani kwa upanga. Mwisho ilitoa hitimisho: basi ustahili adhabu ya sheria hiyo. Majaji walijitwalia ncha zote mbili. Kabla shahidi hajaitwa, mawakili walibishana kwa kirefu, mara nyingi kwa maandishi, kama mambo yaliyotajwa, yakiwa kweli, yanatosha kumfikisha mtu kwenye adhabu. Majaji wakisema yanatosha, juri lilibakiwa na sehemu ya katikati tu: je, mambo haya yamethibitika au hayakuthibitika? Proven au not proven. Kusema nani ana hatia haikuwa tena kazi ya juri. Lilirudisha orodha, majaji wakamalizia.

Wako wanaolihusisha badiliko hilo na miaka ya mateso ya Wakovenanti, Waprotestanti wa Uskoti waliokataa mfalme kuliamrisha kanisa lao. Serikali ilitaka watiwe hatiani, na juri la majirani halikuwa chombo cha kutegemewa kwa kazi hiyo. Ukimwuliza mwanajuri "mtu huyu ana hatia?", anaweza kusikiliza dhamiri yake. Ukimwuliza "je, alihudhuria ibada ya porini siku ile?", hana pa kukwepea. Isitoshe, wanajuri waliomwachia mtu waliweza kushtakiwa wenyewe kwa kukosea, desturi iliyolaaniwa rasmi mwaka 1689. Hata tukiiacha historia ya dini pembeni, matokeo ni yaleyale: juri lilikuwa limepunguzwa, na maneno mawili mapya, thibitika na haikuthibitika, yalikuwa alama ya kupunguzwa kwake. Wakati huo maneno yalikuwa mawili, na kila moja lilimhitaji mwenzake.

Aliyevunja ndoa hiyo ni mlevi.

Mwezi wa Mei 1728, katika mji wa Forfar kaskazini ya Dundee, wakubwa wa eneo walikusanyika kwa mazishi. Baada ya kuzika wakanywa, kama ilivyokuwa desturi, wakaendelea kunywa. Miongoni mwao alikuwa James Carnegie, bwana wa Finhaven, pamoja na bwana mwingine wa jina la Lyon, kutoka Bridgeton, aliyemchokoza mchana kutwa. Jioni, barabarani, Lyon akamsukuma Carnegie mferejini. Carnegie akainuka amelowa matope na uchafu, akachomoa upanga, akamwendea Lyon akipepesuka. Katikati yao akaingia Charles Lyon, mwenye cheo cha kikabaila cha Earl wa Strathmore, ambaye Carnegie hakuwa na ugomvi naye hata kidogo. Upanga ukampitia yeye. Alikufa baada ya siku chache.

Kesi ilisikilizwa Edinburgh mwezi wa Agosti mwaka huohuo, na ukweli wa mambo haukubishaniwa. Kila mtu aliona. Upanga ulikuwa wa Carnegie, mkono ulikuwa wa Carnegie, Earl alikuwa kaburini. Majaji wakaamua kwamba mambo hayo, yakithibitika, yanatosha kumpeleka mtu kunyongwa. Kwa utaratibu wa siku zile, juri lilikuwa limebakiwa na jibu moja tu la kweli, proven, na likishalitamka, Carnegie ni wa kamba. Kwamba alikuwa amelewa, kwamba alidhalilishwa, kwamba aliyekufa siye aliyelengwa, hayo hayakuwa maswali ya juri tena.

Wakili wake, Robert Dundas wa Arniston, alifanya jambo la ujasiri. Hakulibishia juri kuhusu upanga. Aliliambia kwamba lilikuwa limenyang'anywa haki yake ya zamani, kwamba wanajuri si makarani wa kuhesabu mambo, na kwamba wana uwezo wa kutazama kesi nzima, sheria na tukio pamoja, wakasema kama mtu aliye mbele yao ana hatia au hana. Wanajuri walikuwa 15. Walio wengi wakarudi na maneno ambayo mahakama ile haikuwa imezoea kuyasikia kwa muda mrefu: not guilty. Carnegie akatoka mlangoni kwa miguu yake.

Hapa ndipo wengi wanapogeuza historia kichwa chini. Wanadhani "hana hatia" ndilo neno la asili na "haikuthibitika" ndiyo nyongeza. Katika mahakama aliyoingia Dundas mwaka 1728, haikuthibitika ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kumwachia mtu, na hana hatia ndiyo iliyorudi kupitia dirishani. Baada ya kesi ile, juri la Uskoti likazoea tena kumsema mtu. Likitaka kumtia hatiani, lilisema guilty, na polepole neno proven likakosa kazi, maana hatia tayari inabeba uthibitisho ndani yake. Likafa. Lakini upande wa kuachia, hakuna aliyemwambia not proven aondoke. Akabaki pale, mjane, kando ya not guilty, wawili wakifanya kazi moja.

Nasisitiza kazi moja, maana kisheria hakukuwa na tofauti hata ya unywele. Aliyeambiwa haikuthibitika aliachiwa huru sawasawa na aliyeambiwa hana hatia. Hakulipa faini, hakuwekwa chini ya uangalizi, hakuitwa tena upande wa mashtaka ulipopata shahidi mpya, kwani kanuni ya kutomshtaki mtu mara mbili kwa kosa moja ilimlinda vilevile. (Kanuni hiyo ililegezwa kwa sheria ya mwaka 2011 kwa hali maalumu, lakini kwa aina zote mbili za kuachiwa.) Majaji nao walionywa wasijaribu kulieleza juri tofauti iliyopo kati ya maneno hayo mawili. Fikiria mwanajuri, mwalimu wa shule au dereva wa basi, anakabidhiwa majibu matatu, anaambiwa mawili kati yake yana matokeo sawa, na akiuliza kwa nini basi ni mawili, jaji anapita pembeni.

Binadamu hapendi neno lisilo na maana. Akiachiwa mawili, atayagawia kazi mwenyewe. Hana hatia likawa la yule tunayeamini hakutenda. Haikuthibitika likawa la yule tunayeamini alitenda ila ushahidi umepungua. Waskoti walikuwa na mzaha kwamba not proven maana yake ni "huna hatia, na usirudie tena."

Sir Walter Scott, ambaye wengi humjua kwa riwaya lakini alikuwa mwanasheria na karani mkuu katika mahakama ya juu ya Edinburgh, hakucheka. Mwezi wa Februari 1827 alihudhuria kesi ya mke wa mkulima wa Denside, karibu na Dundee, aliyeshtakiwa kumtilia sumu mtumishi wake. Juri likajibu haikuthibitika. Scott aliona wazi kwamba mwanamke yule alitenda, na katika shajara yake akaliita neno lile uamuzi wa haramu, kitu cha katikati anachokichukia, akaongeza kwamba asiyethibitishwa kuwa na hatia ni msafi mbele ya sheria. Tazama alivyojikunja hapo. Sentensi moja inamlaumu mwanamke, nyingine inadai sheria haina nafasi ya kumlaumu. Kila aliyelijadili neno hili baadaye amejikunja vivyo hivyo.

Kesi iliyolitangaza duniani ni ya Madeleine Smith. Baba yake alikuwa msanifu majengo wa Glasgow, mtu wa daraja la juu. Yeye, akiwa na umri wa karibu miaka 20, alikuwa na uhusiano wa siri na Pierre Emile L'Angelier, karani asiye na mali kutoka kisiwa cha Jersey. Wakaandikiana barua, nyingi, na zilizotoka kwa Madeleine zilikuwa za moto kiasi cha kuwatoa jasho wasomaji wa magazeti ya enzi ya Victoria. Kisha familia ikampatia mchumba wa hadhi yake. Akataka barua zake zirudishwe, L'Angelier akakataa na kutishia kumwonyesha baba. Tarehe 23 Machi 1857 L'Angelier akafa kwa sumu ya aseniki. Madeleine alikuwa amenunua aseniki madukani, akatia sahihi kwenye daftari la muuzaji.

Ushahidi ulionekana umekamilika, ila kwa shimo moja. Upande wa mashtaka haukuweza kuonyesha kwamba wawili hao walikutana usiku ule. Daftari la kumbukumbu la marehemu, lililotaja kuugua kwake baada ya kuonana naye, lilikataliwa na majaji lisisomwe mbele ya juri. Wakili wa utetezi, John Inglis, aliliganda shimo hilo mpaka mwisho. Mashtaka yalikuwa matatu: mawili ya kumtilia sumu kwa nia ya kumwua, la tatu la kuua. Tarehe 9 Julai juri likarudi. La kwanza, hana hatia. La pili, haikuthibitika. La tatu, haikuthibitika.

Ukitaka kuona mjane akiwa bado anakumbuka kazi yake ya zamani, soma tena majibu hayo. Juri lile lilipita kipengele kwa kipengele, kama lile la 1590, likipima kila tuhuma. Lakini hakuna aliyelisikia hivyo. Umma ulisikia kwamba Madeleine ni muuaji aliyeponyoka. Alihamia London, akaolewa na George Wardle, aliyefanya kazi na William Morris, na baadaye akavuka kwenda Marekani, alikofariki mwaka 1928. Vitabu juu yake havijaisha mpaka leo, na vyote vinauliza swali ambalo juri halikulijibu.

Mwingine alijaribu kulipima neno kwa pesa. Mwaka 1893, katika shamba la Ardlamont huko Argyll, kijana Cecil Hambrough alipigwa risasi kichwani wakati wa kuwinda. Aliyekuwa mwalimu wake, Alfred Monson, alishtakiwa, hasa kwa kuwa maisha ya kijana yalikuwa yamekatiwa bima ya pauni 20,000 siku chache tu kabla. Haikuthibitika. Mara jumba la sanamu za nta la Tussaud jijini London likamtengenezea Monson sanamu, na bunduki yake, likamweka karibu na chumba cha wauaji maarufu. Akashtaki kwa kuchafuliwa jina. Kesi yake bado inafundishwa vyuoni, kwa kuwa ilionyesha kwamba mtu anaweza kukashifiwa bila neno kuandikwa, kwa mahali tu ulipomsimamisha. Alishinda. Juri la Kiingereza likampa fidia ya farthing moja, robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote zilizokuwa zikitumika. Hiyo ndiyo iliyokuwa thamani ya jina la mtu wa haikuthibitika sokoni.

Neno lilivuka hata bahari. Februari 1999 Baraza la Seneti la Marekani lilipopiga kura katika kesi ya kumwondoa madarakani Rais Bill Clinton, Seneta Arlen Specter wa Pennsylvania alisimama akajibu kwa sheria ya Uskoti: haikuthibitika. Seneti haikuwa na safu ya jibu hilo. Akaandikwa miongoni mwa waliosema hana hatia, jambo ambalo, ukifikiri vizuri, ndilo sheria ya Uskoti yenyewe ingefanya.

Kwa nini basi neno lisilo na kazi lilidumu hivyo? Majaribio ya kulifuta yalikuwa mengi, na muswada wa mbunge mmoja ulikataliwa mwaka 2016. Jibu liko kwenye idadi ya wanajuri. Juri la Uskoti lina watu 15, na mpaka mageuzi ya sasa wingi wa kawaida ulitosha: wanane wakisema ana hatia na saba wakisema hapana, mtu anafungwa. Uingereza ina wanajuri 12, na ili kumtia mtu hatiani wanahitajika angalau 10. Mawakili wa Uskoti waliposema kwamba neno la tatu ni kinga kwa mshtakiwa, hawakuwa wanatetea mila tu. Waliona kwamba mwanajuri wa nane, yule anayesitasita, akinyang'anywa mlango wa haikuthibitika, huenda akaishia upande wa hatia, na mtu akaenda jela kwa kura moja.

Upande wa pili walikuwako waathirika. Katika mwaka wa 2019/20, haikuthibitika ilikuwa asilimia 20 ya watu wote walioachiwa na mahakama za Uskoti, lakini katika kesi za ubakaji na jaribio la ubakaji ilifika asilimia 44. Mwanamke mmoja, aliyejulikana hadharani kama Miss M tu, alisikia neno hilo katika kesi ya jinai, kisha akamshtaki mtu yuleyule kwa madai katika mahakama ya Edinburgh, ambako kiwango cha uthibitisho ni cha chini zaidi, akashinda mwaka 2018. Akaanzisha kampeni pamoja na shirika la Rape Crisis Scotland. Hoja yake haikuwa ya kisarufi. Alisema neno lile linamwacha mlalamikaji akining'inia, haelewi kama ameaminiwa au la.

Na hapo pana jambo ambalo sisi tuliozoea mahakama zisizo na juri tunaweza kulipita bila kuliona. Jaji wa Dar es Salaam au Nairobi akimwachia mtu huandika sababu, ukurasa baada ya ukurasa, na mlalamikaji anaweza kusoma ni wapi ushahidi ulivunjika. Juri halitoi sababu. Sheria inawakataza wanajuri kusimulia walichozungumza chumbani. Kinachotoka ni neno moja au mawili, na juu ya neno hilo watu hutundika kila kitu ambacho hawakuambiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia majuri 64 ya majaribio, uliwakuta wanajuri wakitofautiana sana kuhusu maana ya haikuthibitika, wengine wakidhani mshtakiwa anaweza kushtakiwa upya.

Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kulifuta Septemba 2025, na hapo hapo likabadilisha hesabu: wanajuri watabaki 15, ila sasa ni lazima 10 wakubaliane ndipo mtu atiwe hatiani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya busara ya mageuzi yale. Kinga iliyokuwa imefichwa ndani ya neno lisiloeleweka imetolewa, ikawekwa kwenye tarakimu ambayo kila mtu anaweza kuihesabu. Ilichukua muda kuliona hilo, kwa kuwa wabishi wengi walikuwa wakigombana juu ya neno huku kiti kilichoyumba kikiwa kingine.

Proven yenyewe haina habari. Zamani ilitoka nje ya mahakama za Edinburgh, ikaingia katika Kiingereza cha kawaida, na leo Mwingereza au Mmarekani hulitumia bila kujua kwamba amelikopa kwa mwanasheria wa Kiskoti. Utaliona kwenye boksi la dawa ya meno, likidai kwamba ubora umethibitika, wala hakuna juri lililoulizwa.